Kura ya Ikran

Shuleni, Garissa
20 Oktoba 1997

Mpenzi Ikran,

Assalamu alaikum. Mgomo wa walimu umekwisha na tumerudi shuleni sote isipokuwa wewe. Kitanda chako cha juu bado kina godoro lake. Nasteha alitaka kuweka sanduku lake pale, nikamwambia mwenyewe yuko njiani kutoka Hulugho. Natumai sikudanganya.

Sikiliza, tumepewa kazi. Unakumbuka yale maboksi ya vitabu yaliyoletwa na wafadhili? Mwalimu Diriye wa Jiografia ameyafungua, na katika kitabu kimoja amekuta zoezi alilolipenda mno. Nakutafsiria, kwa sababu tuliapa kuandikiana kwa Kiswahili mpaka alama za insha zetu zipande: “Wewe na marafiki zako watatu mmechoka na baridi. Mnataka likizo ya majira ya baridi, lakini si ya kulala ufukweni. Mnataka kupanda milima, kuogelea na kuendesha baiskeli. Chagueni kisiwa kimoja cha Karibea kitakachowafaa nyote wanne. Toeni sababu.”

Darasa zima lilicheka pale kwenye “mmechoka na baridi”. Jasho lilikuwa linadondokea madaftari. Timiro aliinua mkono akauliza, “Mwalimu, na sisi tuliochoka na joto tunakwenda wapi?” Mwalimu akamjibu, “Wewe unakwenda kusimama nje. Huko kuna upepo.”

Kundi letu ni mimi, Nasteha, Timiro na wewe. Sharti ni kisiwa kimoja na majina manne, na kila mmoja aandike sababu zake mwenyewe. Kundi lisilo na watu wanne halisahihishwi. Kazi itakusanywa muhula ujao. Mwalimu alitaka kutupa msichana wa darasa lile jingine, nikasema Ikran anarudi. Alinitazama kidogo, akasema, “Sawa, nitaliacha jina lake. Lakini jina si mtu, Sharifo.”

Basi visiwa ni hivi. Dominica ina milima, misitu na mito isiyohesabika, na ziwa linalochemka lenyewe bila moto. Bonaire ni kikavu, kina miiba, punda wanaorandaranda na mbuzi wasio na mchungaji, lakini maji yake ni safi hata mtu anaona samaki walio chini kabisa. Saint Lucia ina milima miwili iliyochongoka, imesimama baharini kama pembe za ng'ombe. Montserrat, kitabu kinasema, ni kisiwa tulivu kuliko vyote.

Nasteha anataka Bonaire. Timiro anataka Saint Lucia. Mimi nataka Dominica kwa sababu ya ile mito. Kura yako ndiyo itakayoamua. Andika upesi, na uje upesi zaidi.

Wako,
Sharifo


Hulugho
9 Novemba 1997

Abaayo Sharifo,

Barua yako ililetwa na Abdiwahid, dereva wa lori la mjomba, ikiwa imemwagikiwa chai. Jina la kisiwa cha nne limegeuka doa. Nimeamua hicho ndicho ninachokitaka.

Mvua imeanza huku, na si mvua tunayoijua. Inanyesha kama imetumwa. Mwanzoni watu walifurahi. Majani yamepanda mpaka magotini, na baba yangu akishaswali hutoka kuyatazama kama mtu aliyeletewa wageni wa heshima. Lakini barabara ya Ijara sasa ni ziwa. Abdiwahid anasema hii ndiyo safari yake ya mwisho mpaka ardhi ikauke. Kwa hiyo siwezi kuja wiki hii. Nitakuja na lori la kwanza.

Sasa, habari ya Bonaire. Kikavu, miiba, punda, mbuzi. Abaayo, dada yangu, hicho si kisiwa cha Karibea, hicho ni Hulugho iliyozungukwa na maji. Nipande ndege mpaka mwisho wa dunia nikatazame mbuzi? Mwambie Nasteha aje kwetu, nitamwonyesha bure, na maji ya kumzunguka sasa tunayo.

Nilimsomea dada yangu Arbia barua yako, nikimfasiria. Yuko hapa kwetu na watoto wake, Alio na yule mchanga, Kaaha. Mumewe Maow alikwenda kuuza ng'ombe, na mvua ikamfungia huko. Arbia alisikiliza vizuri sana, kisha akauliza, “Hao wanawake wakishafika juu ya mlima, huko juu kuna nini?”

Nikamwambia hakuna kitu. Wanatazama, kisha wanashuka.

“Hakuna mbuzi aliyepotea?”

“Hakuna.”

“Na hakuna mtu anayewafukuza?”

“Hakuna, Arbia.”

“Basi wana wazimu,” akasema. Akacheka mpaka Kaaha akaamka. Halafu akaniambia, “Niandike na mimi. Mimi nitabaki chini niwapikie. Wazimu pia wanakula.”

Jambo moja hamjalifikiria. Likizo ya majira ya baridi mwaka huu itaangukia Ramadhani. Nani atapanda milima akiwa amefunga? Timiro atasema msafiri ana ruhusa ya kula. Mwambie ruhusa ni ya msafiri mwenye haja, na mtu anayepanda mlima ili ashuke hana haja.

Kwa sasa naelekea Dominica, lakini msiandike bado. Nikishaandika kura yangu mtakuwa hamna tena sababu ya kuningoja.

Wako,
Ikran


Garissa
30 Novemba 1997

Mpenzi Ikran,

Nakuandikia nikiwa juu ya gunia la mahindi ya msaada. Shule imefungwa, na mto Tana umeingia kijijini kwetu. Sikutarajia kusema hivi juu ya mto wetu. Sisi Wamalakote tumelima kando yake tangu enzi za mababu, na kila mwaka baba husema mto ukija tunarudi nyuma, ukienda tunaufuata. Safari hii ulikuja tukiwa tumelala. Migomba yote imekwenda. Baba anakaa kwenye mwinuko, anauangalia, na ukimsemesha anajibu swali jingine kabisa. Lakini sote tu wazima, alhamdulillahi, na kitabu cha visiwa nilikiokoa kabla ya viatu vyangu. Mama alinigombeza sana kwa hilo.

Montserrat tumeifuta. Kabla ya kufunga shule, Timiro alimsomea Mwalimu Diriye pale panaposema kisiwa tulivu, na mwalimu akashika kichwa. Alisema kitabu hiki kina umri mkubwa kuliko sisi. Mlima wa Montserrat umelipuka, mji mkuu umefunikwa na majivu, na watu wanahama kisiwa. Nasteha akauliza, “Wanahamia wapi?” Mwalimu akasema popote watakapopokewa. Nasteha akasema, “Kumbe hata huko kuna wakimbizi.” Unajua nusu ya ukoo wao uko kambini Dadaab.

Tulipiga kura tena na tukagawanyika vilevile. Timiro alitaka tuhesabu kwamba wewe umekubali Saint Lucia kwa kuwa hukuikataa. Mwalimu alimkatalia. Alisema ni kama katika mdahalo, mkono usioinuka hauhesabiwi upande wowote. Nilifurahi. Nafasi yako iko palepale, haijaguswa na mtu.

Ndege za msaada zinashuka huko kwenu, nimesikia. Mama anamfahamu mmoja wa wapakiaji, naye ameahidi kuichukua barua hii. Niambie mko salama. Msalimie Arbia. Mwambie nimemwandika. Mpishi ni mtu wa tano, na mwalimu hakukataza mtu wa tano.

Wako,
Sharifo


Hulugho
28 Desemba 1997

Sharifo,

Arbia amefariki.

Nimeandika hivyo kwanza kwa sababu nilianza barua hii mara nyingi kwa salamu na kila mara nilishindwa kufika hapo.

Baada ya mvua walikuja mbu, kisha mbuzi wakaanza kutupa mimba. Zizi zima, siku moja. Arbia aliwasaidia, kwa mikono yake mitupu, kama alivyofundishwa na mama alipokuwa hai. Kisha akapata homa, kisha akatoka damu puani na kwenye fizi. Si yeye peke yake. Redio inasema kuna ugonjwa na tusile nyama wala kugusa damu, lakini ilisema hayo tulipokuwa tumeshazika watu. Mwalimu akiuliza sababu za kutofika shuleni, mwambie hizo.

Maow alifika akiwa ametembea kwa miguu, maji yakimfika kiunoni, na akakuta kaburi. Alimbeba Kaaha, akakaa naye mlangoni.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu mwingine. Wazee wa ukoo wa Maow walikuja kutupa pole, na pole imekwisha, lakini wao hawajaondoka. Kwetu mke akifa, na ndoa yake ilikuwa ya heshima, familia yake humpa mume dada wa marehemu, ili watoto wasilelewe na mgeni na undugu usikatike. Dada wa Arbia ni mimi tu. Eddo, shangazi yangu, haniambii kitu, ila ameanza kunipa Kaaha kila akilia, hata kama yeye yuko karibu zaidi.

Baba amewaambia wazee hatatoa jibu kabla ya kuniuliza mimi. Ataniuliza baada ya Idi, mbele ya sheikh na wajomba. Sharifo, mimi simtaki Maow. Si kwamba ni mbaya. Ni shemeji yangu, alikuwa akiniletea biskuti nikiwa mdogo. Ninataka kurudi kidato cha tatu. Lakini nitamwambiaje baba “hapana” usoni, mbele ya wageni, na ametoka kumzika mtoto wake? Ulimi wangu hautainuka. Wewe siku zote una jibu. Nifanye nini?

Ikran


Shuleni, Garissa
9 Januari 1998

Ikran, dada yangu,

Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun. Nilisoma barua yako nimesimama, nikakaa chini palepale kwenye vumbi. Nilimwambia mama, naye akamwombea Arbia dua kana kwamba alimjua. Sikufuta jina lake kwenye kazi yetu, na sitalifuta.

Shule imefunguliwa. Walioweza kufika si wengi. Bi matroni alitaka kumpa mtu mwingine kitanda chako, nikamsihi mpaka akachoka. Amesema atangoja mpaka baada ya Idi.

Nimefikiri juu ya swali lako mchana na usiku, na nadhani nimepata njia. Nilikwenda kwa Mwalimu Diriye. Sikukutaja. Nilimuuliza tu, “Mwalimu, mtu akiulizwa swali mbele ya watu, na asijibu chochote, amesema nini?” Yeye alidhani nauliza habari za uchaguzi, kwa sababu watu wote wanazungumzia uchaguzi. Akanijibu, “Hajasema kitu. Huwezi kumhesabu mahali popote. Hakuna anayeweza kusema amekubali.”

Kwa hiyo usimwambie baba yako hapana. Huna haja ya kumvunjia heshima. Akikuuliza, nyamaza. Akirudia, nyamaza. Tazama chini na usitoe hata sauti. Hawawezi kumwoza mtu ambaye hajasema ndiyo, na baba yako hataaibika mbele ya wageni kwa sababu hukumkatalia. Wazee watachoka kungoja, watarudi kwao. Wewe utapanda lori la kwanza.

Mama amepata mtu wa ndege tena. Nimemwomba, nimemwomba sana, barua hii isikae hata siku moja.

Unapokuwa tayari, tuandikie kura yako. Nasteha ameacha Bonaire. Alisema, “Ikran amenitia aibu na mbuzi wake.” Sasa tuko wawili kwa Dominica, na Timiro amebaki peke yake na pembe zake za ng'ombe.

Wako daima,
Sharifo


Hulugho
4 Februari 1998

Abaayo mpenzi,

Barua yako imefika upesi kuliko zote ulizowahi kuniandikia! Nilikuwa nayo kabla ya Idi, nimeisoma mpaka mikunjo ikachanika.

Nimefanya kama ulivyosema, na nadhani tumeshinda.

Waliketi wote: baba, sheikh, wajomba wawili, na mzee mmoja wa upande wa Maow. Mimi nilikaa karibu na mlango pamoja na Eddo. Baba akasema, “Ikran, binti yangu, Maow mume wa marehemu dada yako anakuposa. Mimi sikulazimishi. Unasemaje?” Nikatazama mkeka. Akauliza tena. Mjomba akakohoa. Akauliza mara ya tatu, kwa sauti ya chini sana, sauti anayotumia kwa mnyama mgonjwa, na mimi nilikuwa nimeuma ulimi wangu. Sikutoa hata pumzi.

Basi, hakukuwa na ugomvi! Hakuna aliyenikaripia. Sheikh alisoma dua fupi, wanaume wakainuka wametulia kabisa wakaenda msikitini kuswali. Baba alibaki nyuma kidogo akaniwekea mkono kichwani, akasema, “Allah akubariki. Umenisitiri.” Alikuwa anashukuru kwamba sikumkatalia mbele ya watu, kama ulivyosema. Wewe ni mwerevu kuliko wazee wote wa Hulugho ukiwaweka pamoja.

Wanaume walirudi na halwa. Kaaha alipewa kipande akakitupa.

Na kuna zaidi. Jana Eddo ameichukua sare yangu ya shule kwenye sanduku, ameifua, ameianika. Hakuniambia ni ya nini, lakini kwa nini mtu aifue sare kama si kwa safari? Abdiwahid anasema barabara inaanza kushika, lori litatoka wiki ijayo au ile nyingine.

Kwa hiyo sasa naandika kura yangu, maana hamtaningoja tena, nitakuwa nimeshafika. Andikeni Dominica. Sababu za Ikran Warfa: kwanza, huko maji yanakaa ndani ya mito yake na hayaingii nyumbani kwa watu. Pili, nataka kuona hilo ziwa linalochemka bila kuni. Tatu, nataka kupanda mlima na kukuta kwamba huko juu sina kazi yoyote.

Mwambie Bi matroni alikung'ute vumbi godoro la kitanda changu.

Wako,
Ikran


Shuleni, Garissa
16 Februari 1998

Mpenzi Ikran,

Ungeona kelele tulizopiga! Niliisoma barua yako bwenini, na Timiro, ambaye ameshindwa kura, ndiye aliyepiga kelele kuliko wote. Alisema, “Tatu kwa moja, nakubali, lakini akifika atanisikia.” Nasteha ameandika “DOMINICA” kwa herufi kubwa juu ya karatasi yetu na kuchora ziwa lenye mvuke, ingawa limefanana na sufuria ya ugali. Majina yote manne yapo. Tutaikusanya ukija, ili uandike sababu zako kwa mkono wako. Mwalimu Diriye amekubali. Alisema, “Kumbe jina linaweza kuwa mtu.”

Nimemwambia Bi matroni. Kitanda

Naendelea kesho yake.

Ikran, jana niliacha kuandika kwa sababu kengele ya kipindi ililia. Kilikuwa kipindi cha Elimu ya Kiislamu. Mwalimu Fowsiya ameanza mlango wa ndoa. Unajua mlango huu uko kidato cha tatu, hatukuufikia mwaka jana. Alikuwa anaeleza nguzo za nikaha, sisi tunanakili. Akasema mwanamke aliyewahi kuolewa lazima atamke ridhaa yake kwa mdomo. Kisha akasema, “Ama bikira, yeye huona haya. Akiulizwa na akanyamaza, kimya chake ndiyo idhini yake.”

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikainua mkono nikamwomba arudie, akarudia.

Nikamuuliza, “Na kama amenyamaza kwa sababu anakataa?” Akasema, “Angekataa angesema, Sharifo. Kukataa ni haki yake, na kunahitaji neno moja tu.” Nikamwambia, “Na kama hajui?” Nilikuwa ninalia, na darasa zima lilinigeukia. Mwalimu Fowsiya akaweka chaki chini.

Ikran, ile halwa ilikuwa ya nini? Wanaume walikwenda msikitini kuswali sala gani saa ile? Mbona hukusema kama wazee wa Maow wameondoka?

Sikujua. Wallahi sikujua. Nilikwenda kumuuliza mwalimu wa Jiografia jambo ambalo si la Jiografia.

Baada ya kipindi nilimweleza Mwalimu Fowsiya yote, safari hii kwa jina lako, unisamehe. Alinisikiliza mpaka mwisho. Amesema bado kuna mlango mmoja. Wanavyuoni wanasema wanaomuuliza msichana wamtazame vizuri, kwa sababu kimya kina dalili zake. Kama alikuwa analia kilio cha uchungu, kile si kimya cha haya, na hahesabiwi kuwa ameridhia. Amesema jambo kama hilo linaweza kufikishwa mbele ya kadhi hapa Garissa, na yeye mwenyewe yuko tayari kusimama nawe. Lakini kadhi atataka kujua kutoka kwa waliokuwepo.

Sitaki maneno mengi. Nijibu jambo moja tu, upesi, kwa njia yoyote. Ulipoulizwa, ulilia?

Sharifo


Ijara
15 Machi 1998

Abaayo Sharifo,

Barua yako ilikwenda Hulugho, ikanikosa, ikaletwa hapa Ijara. Hapa ni nyumbani kwa Maow. Nimekaa kwenye kigoda cha Arbia kuandika. Kila kitu hapa kimewekwa pale ambapo mkono wake ulikuwa unafika, na mikono yetu ina urefu mmoja.

Halwa ilikuwa yangu. Nikaha ilifungwa msikitini saa ileile, na mimi baadaye nikakaa nikakuandikia wewe kwamba tumeshinda. Nilikuja kujua siku Eddo aliponiambia nifunge mizigo ya watoto. Nikamuuliza, “Wanakwenda wapi?” Akanitazama kama mtu aliyeulizwa na jiwe. “Wanakwenda na wewe,” akasema, “kwa mumeo.” Sare aliifua ili aikate. Amemshonea Alio kaptula mbili, na zimemkaa vizuri.

Usijilaumu, nakukataza. Hata mimi nilikuwa mwanafunzi wa Mwalimu Diriye. Nilisimama kwenye mdahalo nikajua mkono usioinuka hauhesabiwi, na nikadhani hiyo ni sheria ya dunia yote.

Maow haninyanyasi. Nakwambia kweli. Analala chumba cha wageni na hajaniuliza kitu. Juzi aliniita Arbia bila kujua, kisha akatoka nje akakaa juani mpaka adhuhuri. Ningeweza kumchukia kama angekuwa mtu wa kuchukiwa.

Kabla sijaondoka nilimuuliza baba. Nilitafuta wakati yuko peke yake, anakagua mbuzi waliobaki. “Aabo,” nikamwambia, “siku ile niliponyamaza, ulisikia nini?” Akasema, “Nilisikia ndiyo, mama yangu. Nilikuuliza mara tatu kwa sababu nilitaka sana kusikia hapana. Ungesema hapana, ningewarudisha wageni wale kwao siku hiyohiyo, na ukoo wote ungenisema, na ningekaa nao hivyohivyo.” Kisha akanishika mkono, akasema mimi nina moyo mkubwa kuliko wake, kwamba nimewachukua watoto wa dada yangu bila kusukumwa. Alikuwa anatabasamu, Sharifo. Tangu tumzike Arbia sijamwona akitabasamu. Nilikuwa na lile neno moja mdomoni, lile ambalo Mwalimu Fowsiya anasema lingetosha. Nikalimeza.

Liondoeni jina langu kwenye kazi. Mchukueni yule msichana wa darasa lile jingine, na mwambieni achague mwenyewe, asirithi kura yangu. Kitanda pia. Mwambieni Timiro asinione mwoga. Na wewe soma, usije ukaacha shule kwa ajili ya huzuni. Mto umekunyang'anya migomba, usiupe na daftari.

Mshukuru Mwalimu Fowsiya. Sasa nakujibu swali lako.

Ndiyo, nililia. Nililia tangu baba alipotamka jina la marehemu mpaka walipoinuka. Ushungi wangu ulilowa mbele yote. Walioniuliza walinitazama, kama sheria inavyotaka, na waliona. Mjomba alisema, “Mwacheni, anamlilia dada yake,” na sheikh akaitikia kwa kichwa, na baba mwenyewe akajifuta macho. Wakiitwa mbele ya kadhi watasema hivyo, na hawatakuwa wamesema uongo. Nilikuwa ninamlilia. Nilikuwa ninajililia mimi pia, palepale, kwa macho yaleyale, na siwezi kumwonyesha kadhi yeyote ni chozi lipi lilikuwa la nani.

Ikran